Funga Daftari Kabla Hujabisha Hodi

(Nasaha kwa vijana walio kazini, katika mwezi wa Ramadhani)



Ndugu zangu na dada zangu, shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu. Leo sitazungumza juu ya hukumu za saumu. Masheikh wetu wanatosha kwa hilo, na darsa zipo misikitini kila alasiri. Nataka tuzungumze juu ya jambo linalotupata sote, tukifunga na tusipofunga, ilhali hatuliangalii hata kidogo: siku ya kazi. Jinsi inavyopanda, jinsi inavyoshuka, na mzigo tunaotoka nao humo tukarudi nao nyumbani.

Hebu nikuulize wewe unayesoma. Ukirudi jioni ukaulizwa, "Siku ilikuwaje?", huwa wajibu nini? Wengi wetu tuna majibu mawili tu. La kwanza: "Aah, kazi tu, tunasukuma." La pili halina maneno. Ni uso uliokunjwa, kiatu kinachorushwa mlangoni, na sauti ya ukali kwa mtoto aliyekuja mbio kupokea mfuko. Mtoto anarudi nyuma pole pole. Hajui kosa lake ni lipi. Na kweli hana kosa. Mwenye kosa, kama yupo, alibaki kule kazini saa nne asubuhi, na saa hii amestarehe kwake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Siku ya kazi usiyoihesabu haiishi. Inakufuata hadi ndani, na wanaoilipia ni wale ambao hawakuwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nasema hata siku ni mali, nayo hupotea vivyo hivyo.

KARANI WA MOYONI SI MWAMINIFU

Utaniambia, "Mimi sihitaji daftari, siku yangu naikumbuka vizuri." Hapana mwenzangu, huikumbuki. Kila mtu ana karani moyoni mwake anayeandika mambo ya siku, na karani huyu haandiki yote. Huandika anayoyapenda yeye.

Mwaka 1993 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Daniel Kahneman, pamoja na wenzake, walichapisha habari ya jaribio moja dogo. Waliwataka watu watie mkono katika maji baridi ya digrii 14 kwa sekunde 60. Halafu wakautia mkono wa pili kwa sekunde 60 zile zile, na badala ya kuutoa wakauacha sekunde 30 zaidi, huku maji yakipashwa kidogo sana mpaka digrii 15. Bado ni baridi ya kuuma. Kisha wakaulizwa: mkirudia, mtarudia ipi? Mtu yeyote mwenye akili zake angechagua ile fupi, sivyo? La ajabu ni kwamba karibu 7 katika kila 10 walichagua ile ndefu. Kisa na maana, ile ndefu ilimalizika kwa nafuu kidogo. Karani wa moyoni hakuhesabu urefu wa maumivu. Alishika pale palipouma zaidi, akashika na mwisho, basi. Mengine yote akayafuta.

Sasa tazama mwisho wa siku zetu za kazi huwa ni nini. Mwaka 2004 Kahneman huyo huyo na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanawake 909 wafanyakazi katika jimbo la Texas, Marekani. Kila mmoja aliigawa siku yake ya jana vipande vipande, kama mtu asimuliaye filamu, akaeleza alivyojisikia katika kila kipande. Safari ya kwenda na kurudi kazini ikawa miongoni mwa vipande vilivyo chini kabisa.

Hao ni watu wa Texas. Sasa je, sisi? Kijana wa Mombasa ametoka kazini saa kumi na moja jioni akiwa na funga yake, yuko Likoni anangojea feri, watu wamesongamana, jua la magharibi laingia machoni, na magharibi yenyewe haiko mbali. Mwenzake wa Nairobi yumo ndani ya matatu katika jam ya Jogoo Road, makanga amemwongezea nauli kwa kuwa ni saa za watu kurudi. Huo ndio mwisho anaouandika karani. Kwa hiyo kijana akifika nyumbani uso alio nao si uso wa kazi, ni uso wa feri. Pengine siku yenyewe ilikuwa na mema matano, lakini ukimuuliza atakwambia kwa dhati, "Leo imekuwa mbaya." Haongopi. Amesomewa hesabu ya uongo na karani wake, naye akaitia sahihi.

Na jambo hili lina upande wake wa pili, nalo tulitazame kwa uadilifu. Futari nayo ni mwisho. Tende, maji baridi, kaimati, viazi vya nazi, watu wamekaa jamvi moja. Utamu ule unaweza kukusahaulisha kwamba saa sita mchana ulimpunja mteja ratili yake, au ulimrukia kijana mdogo wa stoo mbele za watu. Mwisho mbaya huficha mema, na mwisho mtamu huficha deni.

SIKU SI KAPU LA SAMAKI

Tuna methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika kapu ni kweli. Lakini sisi tumeichukua tukaitia katika siku zetu, na hapo tumejidhulumu. Bosi amekufokea saa tatu asubuhi, basi siku nzima imeoza.

Wataalamu wawili, Teresa Amabile na Steven Kramer, waliwataka wafanyakazi wa maofisini 238, katika makundi 26 ya kazi na kampuni 7, waandike kila jioni habari ya siku yao ya kazi. Walikusanya maandishi karibu 12,000, na mwaka 2011 wakatoa kitabu juu ya waliyoyaona. Walitaka kujua ni kitu gani hasa huinua siku ya mfanyakazi. Wewe ungesema nini? Mshahara? Sifa kutoka kwa bosi? Walichokikuta ni kitu chepesi: kusonga mbele, japo hatua moja, katika kazi yenye maana kwa mwenyewe. Katika zile siku ambazo watu walikuwa na furaha zaidi, 76 kati ya 100 zilikuwa na hatua fulani mbele. Na katika siku walizokuwa na huzuni zaidi, 67 kati ya 100 zilikuwa na kukwama au kurudi nyuma.

Lakini nakuomba utazame hesabu moja ambayo watu huipita haraka. Katika zile siku mbaya zaidi, 25 kati ya 100 zilikuwa pia na hatua mbele. Yaani robo nzima ya siku tulizozilaani zilikuwa na jema ndani yake. Pia waliona kwamba kukwama kuna uzito mkubwa kuliko kusonga. Jiwe moja huzidi kokoto kadhaa. Ndiyo sababu kokoto zahitaji kuhesabiwa kwa makusudi. Jiwe halihitaji, lenyewe litajikumbusha.

Kuna na hili. Wataalamu hao waliwauliza mameneja 669 ni jambo gani huwapa wafanyakazi hamu ya kazi. Katika mambo matano waliyopewa wayapange, kusonga mbele ndilo waliloliweka mwisho. Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba usikae kumngojea bosi akuhesabie. Huenda hana habari kwamba leo umefanikiwa kuiwasha mashine iliyowashinda wenzako wiki nzima. Jihesabie mwenyewe.

Na usiniambie haya ni ya watu wa maofisini wenye viyoyozi. Fundi cherehani ambaye wakati huu ana kanzu na mabuibui ya Idd yamejaa mpaka mlangoni, akimaliza kola tatu zilizonyooka, amesonga. Kuli aliyefundishwa leo kufunga mzigo usimvunje mgongo, amesonga. Msichana wa dukani aliyeweza kumjibu mteja jeuri kwa upole, na mteja akaona haya, huyo amesonga mbali sana. Mwenye boda boda aliyemaliza deni la taili, amesonga. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichotazamwa utadhani ni kitupu.

MFANYABIASHARA NA MSHIRIKA WAKE

Ndugu zangu, jambo hili wataalamu wa leo hawakulianzisha wao. Sisi tuna jina lake: muhasaba, kujihesabia nafsi. Kule Baghdad palikuwa na mwanachuoni aliyefariki mwaka 857, al-Harith, na kwa jinsi alivyolishughulikia jambo hili watu walimpa lakabu ya al-Muhasibi. Kisha akaja Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akalitolea mlango mzima katika Ihya.

Linalonipendeza kwa Ghazali ni kwamba mfano wake ameutoa sokoni. Anakufananisha wewe na nafsi yako na wafanyabiashara wawili wenye mtaji mmoja. Mshirika hapewi mali akaachwa hivi hivi. Kwanza mnawekeana sharti. Kisha akiwa kazini unamtupia jicho. Halafu mnakaa mkahesabiana. Na kama amekosa, kuna kumwajibisha na kumlaumu. Anaeleza kuwa mtaji ni yale ya faradhi, faida ni yale ya ziada, na hasara ni maasi.

Tuulete mfano huu kwenye kibarua chetu. Mtaji ni ile kazi uliyokubali kulipwa kwa ajili yake. Ukiifanya sawasawa hujapata faida bado, umerudisha mtaji tu. Faida ni kile ulichoongeza: umemwelekeza mgeni wa kazi, umemaliza kipande kilichokwama, umetuliza ugomvi. Hasara ni dhuluma, uvivu wa kuibia saa za mwenzako, ulimi. Sasa angalia watu wengi tunavyohesabu. Tunaandika hasara tulizofanyiwa na wengine, zetu wenyewe tunaziruka. Mshirika wa namna hiyo wewe ungempa mali yako?

DAKIKA TANO ZA KUFUNGA DAFTARI

Basi tufanyeje? Ni dakika tano tu, na wakati wake ni kabla hujabisha hodi kwako. Si kitandani, kwa maana kitandani hesabu hugeuka mawazo, na mawazo yanakula usingizi. Katika feri ukishapata pa kusimama. Katika matatu. Au kibarazani mwa msikiti baada ya alasiri, au pale unapoteremka, kaa juu ya jiwe. Simu iweke mfukoni. Jiulize maswali manne, kwa mpango huu huu.

La kwanza: leo ni kitu gani kimesonga? Taja kimoja kwa jina lake. Usiseme "kazi imeenda vizuri," hiyo ni soga. Sema, "Nimemaliza kupanga faili za mwezi uliopita." Ukikosa kabisa, tafuta tena, kwa sababu karani wako amezoea kuficha.

La pili: ni kitu gani kimekwama, na kimekwama kwa sababu gani? Hapa gawa mafungu matatu. Kuna kilicho changu, kuna kilicho cha mwenzangu, na kuna kisicho cha mtu, kama stima kupotea au mvua. Mgao huu ndio dawa yenyewe. Hasira nyingi tunazorudi nazo nyumbani ni kwa sababu mafungu haya yamechanganyika, tukamfanya mtu mmoja mkosa wa yote.

La tatu: je, kuna mtu ninayedaiwa naye? Neno nililomtupia, ahadi niliyomvunjia, haki niliyomchelewesha. Kama yupo, mpigie simu sasa hivi au mtumie ujumbe. Maneno matatu yatosha: "Niwie radhi, ndugu yangu." Deni la aina hii likilala huzaa.

La nne: kesho nikifika nianze na lipi? Moja tu. Liandike. Jambo ambalo halijaisha husumbua akili kama mbu, lakini ukiliwekea mahali pake kesho linanyamaza kidogo.

Ukiweza, haya yaandike katika kijidaftari cha shilingi chache. Mistari minne, haizidi. Kuandika kuna faida ambayo kuwaza hakuna: moyoni unaweza kuzunguka na neno moja la bosi mara hamsini, lakini hakuna mtu atakayeandika mstari mmoja mara hamsini. Karatasi humlazimisha mtu asonge mbele.

YASIYO HESABU

Kuna mambo matatu yanafanana na hesabu lakini siyo.

Moja ni kujichapa. Mtu anakaa na makosa yake akiyageuza kama samaki katika mafuta: "Mimi sifai, mimi kazi siiwezi." Muhasaba si hukumu ya kifo. Mfanyabiashara akiona hasara ya shilingi mia tano hachomi duka. Anauliza imepitia wapi, anaziba tundu, kesho anafungua tena. Kuteleza si kuanguka.

La pili ni gumzo la kusengenya. Mmekaa watano barazani, kila mmoja anamleta bosi wake mezani. Mtaondoka mmechangamka, lakini hesabu haikufanyika. Mmehesabu watu wasiokuwepo. Na kwa aliyefunga, hiyo ni hasara juu ya hasara.

La tatu ni kuisingizia saumu. "Usinisemeshe, nimefunga." Njaa ni kweli, na kichwa kinachouma kwa kukosa chai ni kweli. Lakini njaa haina ulimi. Haimtukani mtu. Ikiwa ukali wako waja saa tisa alasiri kila siku, hiyo nayo ni habari ya kuandikwa: basi mambo mazito yafanye asubuhi ukiwa na nguvu, alasiri baki na yale mepesi, na kama una neno kali la kumwambia mtu, liache hadi umefuturu. Mengi hutayasema tena.

IKIWA KILA UKURASA NI ULE ULE

Hapa nataka tusidanganyane. Kuna siku mbaya, na kuna kazi mbaya. Ukiiona siku moja moja huwezi kutofautisha. Lakini daftari la wiki nne litakwambia. Kama kukwama kwako leo ni hiki na kesho kile, hayo ni maisha. Kama kurasa zote zina jambo moja, mshahara haukulipwa, umetukanwa, umefanyishwa kazi siku saba bila mapumziko, basi hilo halitibiwi kwa subira ya kukaa kimya. Subira si kukubali dhuluma.

Ujue haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inampa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Na ninyi mnaoitwa vibarua wa kutwa miaka nenda miaka rudi, sikilizeni: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, sheria hiyo inamtazama kama aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwezi, si wa kutwa. Wengi hatulijui hili, na asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Na tazama hikima yake. Ukienda ofisi ya leba au kwa chama cha wafanyakazi, utaulizwa lini, saa ngapi, kiasi gani. Mwenye hasira tupu hana jibu. Mwenye kijidaftari ana tarehe. Kile kile kilichokusaidia usimfokee mwanao ndicho kitakachokusaidia kusimama mbele ya mwajiri ukasema kwa adabu na kwa hakika.

NA WALE WALIO NYUMBANI

Neno la mwisho ni la nyumbani. Sisi wanaume tuna kasumba ya kudhani kazi ni ile ya kutoka nje. Mama au dada aliyesimama jikoni tangu baada ya adhuhuri, huku amefunga, akipika chakula asichoweza hata kukionja vizuri, je, huyo hakuwa kazini? Siku yake nayo ilipanda ikashuka. Mkate wa sinia umeumuka, hilo limesonga. Gesi imekwisha saa kumi na moja, hilo limekwama. Basi usiwe wa kuulizwa tu, na wewe uliza.

Nawapa zoezi dogo la familia. Baada ya futari na sala, kila mmoja ataje tamu moja na chungu moja ya siku yake, mtoto wa shule pia. Isiwe hotuba, dakika moja moja tu. Mtashangaa mnayoyasikia. Kuna kijana anaishi na babaye miaka ishirini na hajui mzee anafanya nini hasa kutwa. Na kuna baba hajui kwamba binti yake, kazini alipoajiriwa juzi, anaogopa kuingia stoo peke yake kwa sababu ya mtu fulani. Chungu kama hiyo ikipata mahali pa kusemwa mapema, huokoa mengi.

Na ninyi mnaowapokea watu jioni, muwape nafasi. Mtu akibisha hodi, msimkute mlangoni na bili ya maji. Akae, anywe, apumue. Habari za deni hazikimbii.

Ndugu yangu msomaji, kwa hesabu ya mwezi wetu siku mpya haianzi usiku wa manane wala asubuhi, huanza jua linapozama. Ndiyo maana mwezi unaandama magharibi na tarawehe zinaswaliwa usiku ule ule, kabla hata ya funga ya kwanza. Kwa hiyo adhana ya magharibi haikuiti kula tu. Yakwambia ukurasa umegeuka. Ramadhani ina siku 29 au 30. Hizo ni kurasa 29 au 30 za kujizoeza, na mazoea ya mwezi mzima yaweza kubaki nawe hata baada ya Idd. Anza leo jioni, mistari minne. Kisha bisha hodi, toa salamu, na mtoto akija mbio, mpe mkono.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na kazi za mikono yetu, awarehemu waliotutangulia, na azijaalie jioni zetu ziwe nyepesi kuliko asubuhi zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.